Andika historia ya halmashauri yenu kwa kuifuata kodi

Kila uchaguzi wa serikali za mitaa ukikaribia, mlangoni kwangu hakukosi mgeni. Mara mwalimu wa shule ya kata, mara mtoto wa diwani, mara mwanafunzi aliyetumwa na mhadhiri wake aandike historia ya utawala wa wilaya. Wanajua nilifanya kazi masijala, chumba cha kutunzia majalada, ya halmashauri moja ya mkoa huu wa Tanga mpaka nikastaafu. Na karibu wote huja na karatasi ya aina moja: orodha ya wakuu wa wilaya tangu Uhuru, majina upande huu, miaka upande ule. Namwambia mgeni aikunje aitie mfukoni, tunywe chai, tuanze upya.

Sina ugomvi na orodha. Ila mkuu wa wilaya si mtu wa halmashauri. Yeye ni mteule wa Rais, mkono wa Serikali Kuu. Halmashauri ina mwenyekiti anayechaguliwa na madiwani wenzake, ina mkurugenzi mtendaji, ina kamati zake. Kuwachanganya hawa wawili ndiyo kasoro ninayoikuta zaidi katika maandishi ya vijana. Halafu orodha inakwambia nani alikalia kiti. Haikwambii mtu wa Kicheba au Mkuzi alidaiwa nini, na nani, na akarudishiwa nini.

Mimi nasema fuata kodi. Nani aliitoza, kwa jina gani, ililala kwenye sanduku la nani, ikarudi kijijini kwa sura ya kisima, zahanati, barabara au haikurudi kabisa. Ukiifuata hiyo, liwali, akida, jumbe, zumbe (mtawala wa jadi), diwani na mtendaji watajitokeza wenyewe, kila mmoja mahali pake.

Chukua eneo dogo

Usiandike wilaya nzima. Chukua kata moja, au vijiji vichache vinavyopakana, kisha panda navyo juu. Sababu ni kwamba wilaya zinahama na vijiji vinabaki. Kilindi ilikatwa kutoka Handeni mwaka 2002. Mkinga ilikuwa Muheza mpaka katikati ya miaka ya 2000. Kwa hiyo mzee wa Maramba akikwambia mambo yao yote yalikuwa yanakwenda Muheza, usimsahihishe. Mambo yake ya miaka ya 1980 utayakuta kwenye majalada ya Muheza kweli. Wilaya ya Lushoto ina halmashauri mbili, Lushoto na Bumbuli. Korogwe na Handeni nazo kila moja ina halmashauri ya mji na halmashauri ya wilaya. Jina la wilaya moja, ofisi mbili, masijala mbili, na wewe umebisha hodi kwenye moja tu.

Chora jedwali kwenye karatasi kubwa. Kushoto andika miaka. Halafu jina la kijiji kama lilivyoandikwa wakati huo, kata, tarafa, wilaya, na safu ya mwisho: aliyepokea kodi. Liache na mapengo mengi, utayajaza taratibu. Mabadiliko ya mipaka na majina hutangazwa katika Gazeti la Serikali, kwa hiyo ukiona nambari ya tangazo kwenye barua yoyote, inakili palepale. Nambari hiyo moja inaweza kukuokolea wiki nzima.

Stakabadhi

Wazee wetu wametunza stakabadhi za kodi kuliko walivyotunza picha za harusi zao. Walikuwa na sababu: ukikamatwa huna stakabadhi, huna la kujitetea. Zimo kwenye masanduku ya bati, kwenye bahasha za khaki, nyingine zimekunjwa ndani ya kurasa za msahafu au kitabu cha sala. Omba kuziona. Zipige picha pande zote mbili, kwa sababu nyuma mara nyingi kuna maandishi ya mkono. Usizichukue uende nazo, hata ukiambiwa chukua.

Karatasi isiyo na tarehe inayosomeka itakupa mwaka kwa fedha iliyotajwa. Ikitaja rupia na pesa, ni Mjerumani kabla ya 1904, wakati rupia moja ilikuwa pesa 64. Ikitaja rupia na hela, ni 1904 na kuendelea, rupia moja hela 100. Shilingi ya Afrika Mashariki iliingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, na shilingi yetu ya Tanzania ilianza 1966. Tazama pia jina la nchi. Iliyoandikwa Jamhuri ya Tanganyika ni ya kati ya Desemba 1962 na Aprili 1964, muda mfupi sana, basi hiyo ikitokea ishike vizuri. Kisha soma jina la mtoza: hazina ya mtawala wa jadi, halmashauri ya wilaya, au serikali yenyewe. Hapo ndipo historia yako ilipo.

Yale ya zamani yaandike mafupi

Vijana wengi hupenda kuanza na Mbegha, mwanzilishi wa utawala wa Wakilindi wa Usambara, na kumaliza kurasa zote Vuga, makao yao makuu. Utawala wa Wakilindi ni habari kubwa, na Kimweri ya Nyumbai aliyefariki 1862 alitawala nchi pana kutoka milimani hadi karibu na pwani. Lakini ule haukuwa serikali za mitaa, ulikuwa dola. Mpe aya mbili tatu zinazokuhusu: eneo lako lilimpelekea nani kodi, mifugo au kazi? Kama uko Bonde, nchi ya Wabondei upande wa Muheza, lazima useme kuwa Wabondei waliwapindua Wakilindi katika vita vya Kiva baada ya kifo cha Kimweri, kwa sababu jambo hilo litarudi kumsumbua Mwingereza baadaye. Kama uko Pangani, sema kuhusu liwali wa Sultani wa Zanzibar na ushuru wa forodha. Basi, endelea.

Mjerumani: kodi ya nyumba

Pangani ndipo pa kuanzia. Agosti 1888 Emil von Zelewski, mtu wa kampuni ya Kijerumani, alitaka kumpora liwali madaraka yake pale, na watu wakawaka. Abushiri bin Salim aliongoza vita vilivyoenea pwani, Bagamoyo ikiwemo, mpaka akanyongwa Pangani Desemba 1889. Wengi huandika habari hii kama vita vya bendera tu. Wewe angalia pia nani angekusanya ushuru bandarini, maana kampuni ilikuwa imekodi haki hiyo kutoka kwa Sultani.

Kodi yenyewe ya nyumba ilitangazwa 1897 ikaanza kutozwa 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa mazao au kwa kazi. Sasa serikali ilihitaji watu wa kuhesabu nyumba. Akida alipewa eneo, akiwa na majumbe, yaani wakuu wa vijiji, chini yake, na mara nyingi akida huyo hakuwa mwenyeji wa pale. Alikuwa mtu wa pwani anayejua kusoma na kuandika. Shule ya serikali ya Tanga mjini ilifunguliwa miaka ya mwanzo ya 1890 na ikatoa makarani, walimu na maakida wa nchi nzima. Gazeti la Kiongozi lilianza kutoka shuleni hapo 1904. Ukisoma habari zake utakutana na maakida wenyewe wakieleza mambo ya maeneo yao, kwa Kiswahili, bila kupitia kwa mkalimani.

Majalada ya Kijerumani usiyaogope, lakini usijidanganye nayo pia. Mwandiko wao wa zamani hata Mjerumani wa leo unamshinda. Tafuta majina ya vijiji, tarehe na tarakimu. Hizo unaweza kuzisoma mwenyewe. Kilichobaki tafuta mtu akusaidie. Na ukikuta barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, usiipite. Peleka kwa mwalimu wa madrasa aliye mtu mzima, akusomee polepole, nawe uandike.

Mwingereza: hazina kwa wenyeji

Waingereza waliishika Tanga 1916. Mwanzoni waliwaacha maakida waendelee, wakaja na sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Mabadiliko makubwa yalikuja na Gavana Donald Cameron aliyefika 1925, na sheria yake ya mamlaka ya wenyeji ya 1926. Sehemu ya kodi ikawa inabaki wilayani katika hazina ya mtawala wa jadi, ikalipa mishahara ya machifu, makarani, matarishi na mahakimu wa baraza, na kidogo ikaenda kwenye njia na zahanati. Mimi nikiulizwa serikali za mitaa vijijini kwetu zilianza lini, nasema hapa, kwa maana ya sanduku la fedha na kitabu cha mapato na matumizi. Kwa maana ya watu kuchagua wanaowatawala, bado kabisa.

Usambara Wakilindi walirudishwa. Kinyashi, aliyekuwa ameukimbia mwenyewe utawala mwaka 1902 chini ya Mjerumani, aliitwa tena. Bonde je? Pale mtawala mmoja wa kumrudisha hakuwepo, kwa ile habari ya Kiva. Kwa hiyo ukiandika Muheza na Lushoto kama vile mambo yalikwenda sawa, mzee yeyote wa Bonde atakukatalia, naye atakuwa na haki.

Mtu mmoja usimwache nje: Martin Kayamba, wa ukoo wa Kibondei, aliyekuwa karani mkuu katika ofisi ya wilaya Tanga. Mwaka 1922 alianzisha hapa Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Bwana shauri, yaani ofisa wa Kiingereza wa wilaya, akibadilishwa, na alibadilishwa kila mara, karani ndiye aliyebaki akijua jalada liko wapi na nani alilipa. Nayasema haya kwa upendeleo wa kazi yangu, sikatai.

Kisha kuna mkonge. Huwezi kuandika Muheza, Korogwe, Pangani au Tanga vijijini ukaliacha shamba la mkonge pembeni. Shamba lilikuwa na kambi zake, duka lake, zahanati yake, barabara zake, na manamba wake walioletwa kutoka mbali wakifanya kazi kwa kipande, kadi ya kazi, cha siku 30. Mamlaka ya mwenyeji ilisimama kwenye boriti za mpaka. Vijiji vingi vya leo vya Muheza na Korogwe vilikuwa kambi; ukienda kutafuta majumbe wao wa zamani utapoteza muda, uliza nani alikuwa mnyapara. Na utaelewa pia kwa nini kuna maeneo ambayo mpaka leo hoja kubwa ya diwani ni ardhi ya shamba lililoachwa.

Milimani hoja ilikuwa matuta. Kuanzia 1946 mpango wa kuhifadhi udongo ulianza Mlalo ukaenea, watu wakiamrishwa kulima kwa matuta, na machifu ndio waliotumwa kusimamia. Kazi iliwaangukia wanawake zaidi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mpango umekufa, na heshima ya machifu imechukuliwa nao. Ukitaka kujua kwa nini kufutwa kwa machifu hakukuleta kelele kubwa Usambara, anzia hapo.

Uhuru, 1972, 1984

Sheria ya serikali za mitaa ya 1953 ilifungua mlango wa mabaraza ya kuchaguliwa, lakini vijijini halmashauri za wilaya zilishika hasa baada ya Uhuru. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria 1963. Kwa miaka michache halmashauri ziliendesha shule za msingi, zahanati na barabara za ndani kwa kodi ya kichwa na ushuru wa mazao. Mwaka 1969 kodi ya kichwa vijijini ikafutwa. Watu walifurahi, lakini halmashauri zikabaki bila miguu. Mwaka 1972 zikavunjwa zenyewe, likaja jambo lililoitwa Madaraka Mikoani, ambapo watumishi wa Serikali Kuu ndio waliopanga na kutekeleza.

Hapa ndipo mtafiti mchanga anapokwama. Anafungua masijala ya halmashauri, majalada yanakwisha mapema miaka ya 1970, halafu yanaanza tena miaka ya 1980. Anadhani yamechomwa. Hayakuwepo, kwa sababu halmashauri haikuwepo. Ya miaka hiyo yatafute ofisi ya mkuu wa wilaya, ofisi ya mkoa, na kwenye kumbukumbu za chama, kwani Operesheni Vijiji, sheria ya vijiji vya ujamaa ya 1975 na mabalozi wa nyumba kumi ndivyo vilivyoshika utawala wa chini. Balozi alikuwa mtu wa chama, tangu TANU, lakini nani alimpa mgeni kibali cha kulala kijijini kama si yeye?

Miji ilirudishiwa halmashauri kwa sheria ya 1978. Vijijini zilirudi kwa sheria za 1982, namba 7 ya mamlaka za wilaya na namba 9 ya fedha, zikaanza kazi 1984. Kwa sababu hiyo hati ya kuanzishwa iliyotundikwa ofisini, ikiwa wilaya ni ya zamani, inaonyesha miaka ya 1980, na mwandishi anaandika kwa raha zake kwamba halmashauri ilianzishwa wakati huo. Andika ilirudishwa.

Na kodi ilirudi nayo, kwa jina la kodi ya maendeleo. Muulize mtu yeyote aliyekuwa kijana miaka ya 1990 habari za mgambo na kizuizi cha alfajiri, atakusimulia mpaka adhana ya magharibi. Kodi hiyo ilifutwa 2003, na tangu hapo halmashauri inategemea zaidi ruzuku ya Serikali Kuu. Uchaguzi wa kwanza wa vijiji na mitaa chini ya vyama vingi ulikuwa 1994. Matokeo yake kijiji kwa kijiji yafaa kuyatafuta mapema, maana karatasi zake zinapotea haraka kuliko za Mwingereza.

Ukifika masijala

Nenda na barua ya utambulisho, iliyoelekezwa kwa mkurugenzi, ikitaja miaka na mada unayotaka. Usiandike naomba kuona majalada yote. Hakuna mtunza kumbukumbu atakayekuchukulia kwa uzito. Andika: mihtasari ya Baraza la Madiwani na ya kamati ya fedha, miaka kadhaa hadi kadhaa. Mihtasari ya kamati ya fedha ina utamu kuliko ya baraza zima, kwa sababu kwenye baraza watu wanahutubia, kwenye kamati wanahesabu.

Jalada linasomwa kutoka chini. Karatasi ya zamani iko chini, mpya iko juu, na kila moja ina nambari ya folio. Nambari zikiruka, andika zilizoruka. Soma pia dokezo, yaani ile karatasi ya ndani ambapo maofisa wanaandikiana. Barua rasmi itasema ombi lenu linashughulikiwa. Dokezo litasema fedha hakuna. Jalada la siri usiliombe, na ukiletewa kwa bahati mbaya lirudishe.

Usishangae ukikuta mchwa na maji ya mvua vimeshatangulia. Nimeona chumba ambacho majalada yalikaa chini ya paa bovu masika baada ya masika, na barua za kuomba bati zikiwa ndani ya majalada hayohayo. Ukikuta hali hiyo piga picha unachoweza, tenganisha karatasi zilizoshikana kwa utaratibu, usizianike juani.

Kijijini, mtendaji ana mihtasari ya mkutano mkuu na ya halmashauri ya kijiji, na cheti cha kuandikishwa kijiji. Misheni za zamani, kama Magila, zina daftari zenye majina na vijiji. Tanga mjini kuna makumbusho ya Urithi Tanga ndani ya Boma ya Mjerumani, yenye picha za zamani, na maktaba ya mkoa. Kisha, ukiwa umeshajua unachotafuta, panda basi uende Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Huko kuna majalada ya Kijerumani, majalada ya Jimbo la Tanga, na vile vitabu vya wilaya ambavyo maofisa wa Kiingereza waliandika mila, mipaka na koo za watawala. Kumbukumbu za serikali kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 30. Chukua penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na karatasi za zamani. Vitabu vya wilaya visome kwa tahadhari: ofisa aliandika alichoambiwa na chifu aliyetaka kuthibitishwa.

Kumuuliza mzee

Usimwambie mzee naomba historia ya serikali za mitaa. Ataukaza uso akupe hotuba. Jitambulishe kwanza kwa ukoo.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Watoka kwa nani?"

Hapo umtaje baba yako, babu yako na kijiji. Ukishakaa na maji umekunywa, uliza: "Babu, kodi yako ya kwanza uliilipa wapi?" Atakwambia mahali, mti, baraza, jina la karani, kiasi gani, na fedha aliipata kwa kazi gani. Nyamaza umwache. Kisha uliza: "Na asiyekuwa nayo?" Swali hili la pili ndilo linalofungua mambo.

Akina bibi wengi hawakuandikwa kwenye stakabadhi, lakini wanajua yaliyorudi na yasiyorudi. Waulize kisima kilichimbwa lini, zahanati ilikuwa na dawa gani, sokoni ushuru ulitozwa kwa tenga au kwa fungu, matuta walilima na nani. Mwanaume atakukumbusha cheo, bibi atakukumbusha umbali wa maji. Ukiwahoji wanaume tu utaandika nusu, tena nusu iliyopambwa.

Mwaka usiulize kwa tarakimu. Uliza ilikuwa kabla au baada ya Azimio, kabla au baada ya Operesheni, Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza, Mwalimu alikuwa ameshang'atuka? 1967, 1974, 1978, 1985. Vigingi hivyo vinne vinatosha kwa mambo mengi ya baada ya Uhuru.

Jinsi wengine wanavyoandika

Kijana wa jirani yangu anasoma Perth, Australia, na akaniletea kijitabu cha historia ya halmashauri ya shamba ya huko anakokaa. Nilikisoma kwa hamu ya kikazi. Huko Australia Magharibi, tangu 1871, vijijini palikuwa na bodi za barabara; kazi yao ya kwanza ilikuwa hiyohiyo, njia na madaraja, na mwaka 1961 zikageuzwa jina kuwa halmashauri za wilaya. New South Wales ndio kwanza walizigawa sehemu kubwa za mashamba katika halmashauri mwaka 1906, kwa sheria ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo kwao kilichowakusanya ni barabara, na mwenye ardhi alilipa ili apate pa kupitishia gari lake la sufu au ngano. Kwetu mtoza kodi alifika kwanza, barabara ikafuata ikipenda.

Lakini nilipouliza kitabu kile maswali yangu, kilinyamaza palepale vitabu vyetu vinaponyamaza. Nani alilipa? Wenye ardhi. Nani alipiga kura? Haohao, na mwenye mali nyingi kwa miaka mingi alikuwa na kura zaidi ya moja. Nani alitawaliwa? Wote, pamoja na wenyeji wa asili waliokuwepo kabla ya ardhi hiyo kugawanywa, ambao hawakuhesabiwa hata kidogo. Kurasa nzima za wenyeviti na picha zao, wenyeji sentensi moja. Basi hayo maswali matatu yabandike ukutani unapoandika: nani alilipa, nani alichagua, nani alitawaliwa. Kila zama za wilaya yako zijibu yote matatu, na zikishindwa, useme zimeshindwa.

Kuandika na kurudisha

Andika kwa lugha ya watu waliokupa habari. Taja kila jambo limetoka wapi ndani ya sentensi: jalada fulani, stakabadhi ya mwaka fulani, mzee wa kitongoji fulani. Jina la mzee liandike akikubali tu. Palipo na kauli mbili zinazopingana, ziweke zote mbili.

Mipaka ya vijiji iandike kwa mkono mwepesi. Kuna vijiji vina kesi ya ardhi, na sentensi yako moja kwamba zumbe fulani alitawala mpaka mto fulani itachukuliwa ikapelekwe baraza la ardhi kama ushahidi. Andika hati inasema nini na ya mwaka gani, usitoe hukumu. Mtendaji wa kijiji atakwambia wapi pana moto, muulize kabla hujachapa.

Rasimu isome kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ukiomba nafasi kwa mwenyekiti mapema. Watakupigia kelele, watasahihisha majina, mmoja ataondoka amekasirika na jioni ataleta stakabadhi ya baba yake. Ingiza, rekebisha, kisha toa nakala: moja kwa mtendaji wa kijiji, moja shule ya msingi, moja masijala ya halmashauri ikiwa na barua ya kuikabidhi ili ipewe folio, moja maktaba ya mkoa. Kwenye jalada la mbele andika jina lako, kijiji, na tarehe.